Kitufe cha Kunyoosha

"Hiki kinakanyagwa," muuzaji alisema, akaweka ncha ya kiatu juu ya kisanduku cha chuma kilicholala sakafuni. "Unapiga gitaa, unakanyaga, kinarekodi. Unakanyaga tena, kinaanza kurudia ulichopiga, wewe unaendelea kuongeza juu yake. Ukitaka kinyamaze, unakanyaga mara mbili. Basi, hakuna zaidi."

Nyuzi akakitazama kile kisanduku kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe akaletewa kuku. Watu walimwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa, na jina la nyumbani alikuwa analisikia kwa mama yake tu. Kila Jumapili mchana alipiga katika ukumbi wa chakula wa hoteli moja, yeye na gitaa, mkewe akiimba, na shemeji yake, kaka mkubwa wa mke, akipiga ngoma. Watatu, miaka kumi na miwili. Kodi ya nyumba ilitoka hapo. Sasa hoteli imepata meneja mpya, na meneja mpya kasema atalipa watu wawili. Wa tatu atatoka nani, hilo si lake. "Siku hizi watu wanatumia mashine," alisema. "Pumzikeni kwanza mjiandae, Jumapili ya mwisho wa mwezi nitawasikiliza. Nikiridhika, tunaandikiana mwaka mzima. Nisiporidhika, tutaagana kwa wema."

Ndiyo maana walikuwa dukani, mume na mke, na mkononi fedha za cherehani ya pili ya mke, ile ya kudarizi, iliyouzwa siku mbili nyuma.

"Chukua hiki," mkewe alisema. "Kinakufuata wewe. Nikichelewa, nawe unachelewa kukanyaga, yamekwisha."

"Na ngoma nitapiga kwa meno?"

"Utagonga mgongo wa gitaa. Mgongo wake una sauti nzuri tu."

"Nigonge gitaa kama mlango, mbele ya watu wanaokula kwa uma na kisu? Mama wee!"

Muuzaji alikuwa hodari, alishamsoma mteja wake. Akaleta kompyuta ya kukunja, iliyotumika lakini imepigwa dasta ikang'aa, akafungua programu. Kwenye kioo vikatokea vijisanduku vya rangi. Alibonyeza chekundu, ngoma zikaanza. Akabonyeza cha bluu, besi ikaingia. Kila kijisanduku ni lupu, alieleza, kipande cha muziki kinachojirudia mpaka ukikatae mwenyewe. Unarekodi nyumbani kwa nafasi yako, siku ya kazi unabonyeza. Hakichoki, hakiumwi, hakidai nauli.

"Halafu kuna hiki." Akagonga meza kwa vidole, ovyo ovyo, makusudi, akarekodi. Ilivyosikika ni kama mtoto anacheza na sufuria. Akabonyeza kitufe kimoja pembeni, akarudisha. Zile kelele zilikuwa zimekaa mstari kama askari kwenye gwaride. "Kitufe cha kunyoosha. Ukichelewa, kinakuwahisha. Ukiwahi, kinakurudisha."

Nyuzi alimeza mate. Tuseme ukweli, duka lile lilikuwa limekwisha kumnunua yeye.

"Ila uchukue na kikanyagio chake," muuzaji aliongeza. "Hiki hapa, kinaunganishwa kwa waya. Maana mikono yako itakuwa kwenye gitaa. Ukitaka kusimamisha ngoma katikati ya wimbo utafanyaje?"

Kikanyagio kilikuwa na bei yake, na fedha za cherehani zilikuwa zinaishia kwenye kompyuta. "Nitabonyeza kwa kidole," Nyuzi alisema. "Nina vidole kumi."

"Vyote viko kwenye nyuzi," mkewe alisema.

Muuzaji akacheka. Wakacheka wawili, muuzaji na mke, kicheko kidogo kisicho na ubaya wowote, lakini Nyuzi kilimchoma. Mwanamume mzima anachekwa dukani na mkewe na mtu wasiyemjua! Akasema kwa sauti ya kumaliza maneno, "Kompyuta peke yake. Funga."

Angecheka nao, yasingetokea yote.

Njiani mke ndiye aliyeanza. "Ngoma tutazitoa wapi?"

"Mle ndani zimo, lakini zina sauti ya ndoo. Nataka za kaka yako."

Mke akasimama. Watu waliokuwa nyuma yao wakawapita kwa kuwazunguka. "Utamwambiaje?"

"Kwamba narekodi kwa ajili ya mazoezi. Na kumbukumbu."

"Mwambie ukweli."

"Nimwambie njoo uijaze mashine itakayokutoa kazini? Wewe ungekuja?"

Mke alikuwa na maneno, tena mengi, ila aliwaza kodi, akawaza cherehani iliyokwisha kwenda, akajiambia kaka ataelewa baadaye, kaka siku zote anaelewa. Akashika njia. Miezi mingi baadaye alikuwa bado anaukumbuka ule mwendo, jinsi miguu ilivyomtii upesi.

Jumamosi asubuhi Kaka Mkubwa alikuja na ngoma zake tatu za mikono, mbili begani na moja kwapani. Alikuwa mtu mnene wa polepole, siku za kazi alipaka rangi nyumba za watu, na kwenye kucha hapakukosa weupe wa rangi. Alikuta sebule imezungushiwa magodoro yamesimamishwa ukutani ili sauti isirukeruke.

"Shemeji, mnahama au mmefungua duka la magodoro?"

"Tumekuandalia pa kuangukia, maana kwa mwili huo ukidondoka tutalipa nyumba ya watu."

"Mwili huu ndio uliokupa mke. Ningekuwa mwembamba ungenisukuma ukapita bure." Walitaniana hivyo siku zote, na siku zote aliyekuwa na haki ya kucheka mwisho ni Kaka. Mke akaleta chai, akaiweka mezani, akageuka.

"Dada, mbona huniangalii? Nimekosa nini?"

"Chai ya moto, kaka. Naangalia isimwagike."

Nyuzi akaweka maikrofoni karibu na ngoma, akamwambia apige ule wimbo mrefu, ule ambao wateja wa hoteli huuomba kila wiki. Kaka akakataa kupiga peke yake. "Mimi siwezi kupiga hewani. Aimbe." Basi mke akasimama mbali, karibu na pazia, akaimba kwa sauti ya chini. Na kila walipokaribia mstari mrefu, Kaka aliiacha ngoma ikaning'inia kidogo, kitambo cha kupepesa jicho, akasema chinichini bila hata kuinua kichwa, "Vuta." Dada yake akavuta pumzi, mstari ukatoka mzima.

Walirekodi nyimbo sita. Mpaka wanamaliza, chai ilikuwa imepoa, na Kaka akainywa hivyo hivyo.

"Jumapili tunaanza saa ngapi?" aliuliza akifunga ngoma zake.

Nyuzi alikuwa amejiandaa tangu usiku uliopita, na bado ulimi ulimwia mzito. "Hoteli wamesimamisha muziki mwezi huu. Wanakarabati ukumbi."

"Ah! Na sijasikia." Kaka akafikiri. "Basi kama wanatafuta wa kupaka rangi, nisemee, shemeji. Mkono wangu unaujua."

"Nitakusemea," Nyuzi alisema. Mke aliingia jikoni, akafungua bomba la maji, ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.

Jumanne mchana, mke alipokwenda kumpelekea mteja gauni, Nyuzi alikaa mezani na kompyuta. Kila pigo la ngoma lilionekana kwenye kioo kama kilima kidogo, na nyuma yake mistari iliyonyooka inayoonyesha mahali pigo linapotakiwa kuangukia. Vilima vingi vilikaa mahali pake. Ila kila baada ya mizunguko kadhaa palikuwa na vilima vilivyochelewa, na kabla yake kisauti, "vuta," kama mtu anaongea na jirani yake kanisani.

"Mzee amechoka," Nyuzi alijisemea, akacheka kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, tusimsingizie. Aliona anamsitiri shemeji yake. Akaikata ile sauti kila ilipotokea, akabonyeza kitufe cha kunyoosha, na vilima vyote vikasogea vikashika mistari. Programu ikauliza kama ihifadhi hii mpya juu ya rekodi ya zamani na kuifuta. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo. Akakubali. Akasikiliza mara tatu kwa mfululizo, akajiona fundi.

Jioni walifanya mazoezi. Mke aliimba, akasita, akarudia.

"Inanikimbiza."

"Utazoea."

"Kuna kitu hakipo."

"Uchafu tu, nimeutoa. Kaka yako alikuwa anaongea ongea."

Mke hakuelewa ni kitu gani. Tangu ana miaka saba alikuwa anaimba kaka akimsubiri, na kusubiriwa kule kulikuwa kama hewa ya chumbani, nani anaisikia? Alijiambia ni yeye. Ni umri, ni vumbi la vitambaa, ni mwili. Wiki mbili nzima akawa anaimba huku akishona, akijilazimisha kuwahi, na kifua kikawa kinamuuma upande mmoja.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ukumbi ulikuwa umejaa. Nyuzi alihitaji mahali pa kuwekea kompyuta, na mhudumu akaleta kutoka stoo kigoda kifupi cha mbao chenye mto wa ngozi. Kilikuwa kigoda cha Kaka Mkubwa, alichokalia wakati wa kupiga. Mke alikitambua. Alifungua mdomo, meneja akatokea na kikombe chake cha kahawa, mke akaufunga.

Nyimbo mbili za mwanzo zilikwenda vizuri kupita walivyotarajia. Bwana mmoja alikuwa anagonga kijiko kwenye glasi kufuatisha mdundo, na mdundo haukumwangusha hata mara moja. Meneja alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubaliana na nafsi yake. Nyuzi akamkonyeza mkewe. Kisha akabonyeza kijisanduku cha wimbo mrefu, akarudi kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta, akashika gitaa.

Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili, mke alipofika kwenye mstari mrefu, ngoma ilikuwa imekwisha kuondoka. Akanyakua nusu pumzi, akaifukuzia. Mstari uliofuata akapata robo. Wa tatu sauti ilikatika kama uzi. Alisimama kashika maikrofoni kwa mikono miwili, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, na ngoma zikaendelea kumpita, safi, sawasawa, bila kosa.

Nyuzi aliitazama kompyuta. Akiacha gitaa, muziki umekufa mbele ya meneja. Asipoacha, mkewe ndiye anayekufa. Vidole kumi, vyote kwenye nyuzi. Akaendelea kupiga, akimkazia mkewe macho ya jikaze, jikaze.

"Vuta!"

Ilitoka mlango wa jikoni, kwa sauti kubwa, na watu wakageuka. Mke alivuta. Mwili ulitii kabla ya akili, na mstari ukatoka mzima, mzuri kuliko alivyowahi kuuimba, ila umechelewa, ngoma iko mbele na wimbo uko nyuma. Ndipo alipogeuza macho.

Kaka Mkubwa alisimama mlangoni na ovaroli yake ya rangi. Alikuwa amekuja kuchukua kigoda. Mahali alipokuwa anapaka palikuwa na kuta ndefu, na kigoda kile kifupi kingemfaa kwa sehemu za chini. Tena alikuwa na hofu kisije kikaharibiwa na vumbi la ukarabati. Sasa alikuwa anautazama ukumbi usio na vumbi, watu wanakula, dada yake kasimama, shemeji yake kainama, na kompyuta imekaa juu ya kigoda chake. Ngoma zilikuwa bado zinalia. Alisikiliza kidogo, kichwa upande. Kisha akaitazama mikono yake.

"Hizo ni zangu," alisema.

Nyuzi aliacha gitaa, akaenda, akabonyeza. Palipokuwa kimya vijiko vikasikika.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliwaita pembeni, karibu na meza ya vikombe, akaongea kwa upole kabisa. "Ngoma hazina tatizo. Safi sana, nimependa. Tatizo ni mama. Anachelewa. Sasa nina wazo. Si umrekodi na yeye? Unachagua siku ambayo anajisikia vizuri, unamweka humo humo, unabonyeza. Mimi nalipa mtu mmoja, na huyo mmoja namwongeza kidogo. Hata yeye atapumzika nyumbani."

Nyuzi alitakiwa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, mtoto wa miaka miwili analijua. Baadaye aliapa kwamba alikuwa anatafuta namna ya kulisema bila kuudhi, kwamba kodi ilimpita kichwani, kwamba hata dakika haikufika. Huenda ni kweli. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale, bado anatafuta pumzi, akimtazama mdomo, na mdomo haukufunguka.

"Shemeji," Kaka alisema, "umeulizwa."

"Naomba nifikirie," Nyuzi alimwambia meneja.

Mke aliweka maikrofoni juu ya meza, kati ya chumvi na vikombe, akapita mlango wa jikoni na kaka yake. Kigoda walikiacha.

Kesho yake Nyuzi alimkuta Kaka Mkubwa anapaka ukuta wa shule, peke yake, rangi ya maziwa. Kaka aliitikia salamu, brashi haikusimama.

"Nimekuja kukuomba urudi. Nitamwambia meneja ni sisi watatu au hakuna."

"Meneja kasemaje?"

"Sijamwambia bado."

"Ahaa. Umeanza na mimi."

Nyuzi alisimama na mikono mitupu. "Nilikudanganya, shemeji. Nisamehe. Lakini mimi niliona unachelewa, nikadhani ni umri. Nikadhani nakusitiri."

Brashi ikasimama. "Umri?" Kaka aligeuka. "Yule ana pafu moja na nusu tangu ana miaka saba. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwenda hospitali, mimi ndiye niliyemfundisha kuimba daktari aliposema afanye mazoezi ya kupanua kifua. Ule mstari hauwezi bila kusubiriwa. Unadhani nachelewa mimi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Miaka kumi na miwili umekaa bega kwa bega na mimi. Nikuambie nini? Nilijua unasikia."

Nyuzi machozi yalimlenga, akayaacha. "Rudi, shemeji. Nakuomba."

"Nirudi wapi?" Kaka alichovya brashi, akaikung'uta kwenye mdomo wa ndoo. "Mimi si nimo humo ndani? Bonyeza."

Akarudi kwenye ukuta wake. Nyuzi alikaa pale mpaka sehemu ya juu ikakauka, kisha akaondoka.

Kumrekodi mkewe alikataa, na alikataa kwa sauti kubwa, Jumatano, ofisini kwa meneja, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anasikiliza. Meneja akasema sawa, apige basi gitaa na ngoma za mashine, bila mwimbaji, wateja wanakula tu. Wakaandikiana mwaka. Kaka Mkubwa alipata kazi ya kupaka majengo ya kampuni moja mbali, mwendo wa siku mbili, na ngoma zake zikabaki kwa jirani. Akipigiwa simu alipokea. Aliuliza mnaendeleaje, akajibiwa salama, akasema haya basi.

Mke akawa mshonaji tu. Nguo za kudarizi alizipeleka kwa wengine. Jumapili jioni mumewe alipoweka malipo mezani alisema asante, kwa adabu, kama anavyowaambia wateja, na Nyuzi angefurahi zaidi angetukanwa.

Alasiri moja, karibu na mwisho wa mwaka ule, mke alisimamisha cherehani.

"Ile siku tuliyorekodi hapa. Kaka alikuwa anasema 'vuta.' Nitafutie."

"Ya nini?"

"Nataka kuisikia tu."

"Si umpigie simu?"

"Nimpigie nimwambie nini? Aniambie vuta?"

Nyuzi alifungua kompyuta. Alijua, lakini alitafuta. Alifungua nyimbo zote sita, akaangalia hata kwenye pipa la vilivyotupwa. Ngoma zikalia sebuleni, zimenyooka. Mkewe alisikiliza, kichwa upande kama kaka yake.

"Hata moja?"

"Nilizifuta. Nilidhani ni uchafu."

Mke aliitikia kwa kichwa, hakugomba. Nyuzi alisahau kuzima. Wimbo mrefu ukajirudia mwanzo, na mkewe, pengine bila kujua, akaanza kuufuata kwa sauti ya chini, kidole kikikunja pindo la kitambaa. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Alipofika kwenye mstari mrefu akanyamaza, akainua uso, akasubiri.

Ngoma ikapita.

"Vuta," Nyuzi alisema, lakini alikuwa amechelewa. Mkewe alikuwa ameshainamia cherehani.